Shangazi, malaria imeisha lakini usingizi hauniachi, na mama mkwe ananiita mvivu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mapacha, naishi Igombe, huku Ilemela, Mwanza, nyumba moja na mama mkwe na wifi yangu. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Wakati wa giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, anaingia ziwani jioni na kurudi alfajiri, na dagaa wakishashushwa mwaloni, pale ufukweni mashua zinapofikia, kazi inakuwa yetu wanawake: kuosha, kuanika, kugeuza, kuchambua, kufungasha kwenye magunia ya kupeleka soko la Kirumba.

Niliugua malaria. Ilianza na baridi na kuumwa viungo, nikapelekwa zahanati, nikapimwa, nikapewa dawa mseto na nikazimaliza zote kama nilivyoelekezwa. Homa ikaondoka. Ila siku zile za homa nililala usingizi ambao sijawahi kuuona. Nikiamshwa kunywa uji, nakunywa nusu kikombe na kulala tena. Sikutaka chakula, sikutaka kuongea na mtu, hata kelele za wanangu zilinichosha. Nilidhani homa ikiisha na usingizi utaisha. Sasa ni wiki ya tatu, joto sina, lakini bado nasinzia. Nikikaa kuchambua dagaa kichwa kinadondoka. Hata nikipanda kile kilima kidogo kutoka mwaloni hadi nyumbani, moyo unaenda mbio na inabidi nisimame.

Mama mkwe wangu ni mtu wa kazi, simlaumu. Anasema malaria tumeugua wote, yeye aliugua akiwa na mimba ya mume wangu na bado akaenda kuchuma pamba. Alfajiri ananigongea mlango kwa nguvu. Juzi nililala mchana, mvua ikaja ghafla ikakuta dagaa wako nje, wakalowa. Tuliwauza kwa bei ya chakula cha kuku. Tangu siku hiyo jina langu ndani ya nyumba ni mvivu.

Wifi yangu ananionea huruma, ananinunulia vinywaji vya kuongeza nguvu. Nikinywa, moyo unadunda, usiku sipati usingizi, na mchana hali ni ile ile. Jirani mmoja anasema haya ni malale. Shangazi yake mume wangu anasema nimetupiwa kitu, nipelekwe kwa mganga ng'ambo, Sengerema.

Mimi nauliza hivi: malaria ilikuwa kwenye damu, maumivu yalikuwa tumboni na kwenye viungo. Sasa nani aliyeuambia ubongo ulale? Je, huu ni uvivu kweli? Na nifanye nini, maana giza linakaribia na kazi itakuwa nyingi?

Ni mimi Mama Kulwa, Igombe.

*

Marahaba mwanangu. Pole sana na ugonjwa, na pole na wale dagaa. Najua mvua ya ghafla ya ziwani inavyoweza kumaliza hela ya wiki nzima ndani ya dakika chache.

Nianze na lile linalokuuma zaidi. Wewe si mvivu. Lakini barua yako ina usingizi wa aina mbili, na nakuomba tuutenganishe, kwa sababu kila mmoja una majibu yake. Kuna ule wa siku za homa, uliokulaza hadi ukashindwa kumaliza kikombe cha uji. Huo ulikuwa kazi ya mwili wako, na ulikuwa sahihi. Halafu kuna huu wa wiki ya tatu, unaokuja pamoja na moyo kwenda mbio ukipanda kilima. Huu sikubali uitwe uchovu tu wa malaria, na nitakuambia pa kuupeleka ni wapi.

Umeuliza nani aliyeuambia ubongo ulale. Swali lako limewahangaisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1909 Mjapani aitwaye Kuniomi Ishimori, na miaka michache baadaye Mfaransa Henri Piéron, waliwanyima mbwa usingizi, wakachukua maji ya ubongo ya mbwa hao na kuwawekea mbwa wengine waliolala vizuri. Wale wa pili wakalala. Maana yake kuna kitu kinachojikusanya mwilini na kuleta usingizi, na kitu hicho kinaweza kuhamishwa. Kazi ikawa kukitafuta. Huko Marekani, John Pappenheimer alirudia jambo hilo kwa mbuzi, na mwaka 1982 yeye, James Krueger na wenzao wakafanikiwa kukichuja kitu chenye nguvu ya kulaza kutoka kwenye mkojo mwingi wa binadamu. Walipokichunguza, kumbe kilikuwa kipande cha ukuta wa bakteria! Watu wanatafuta dawa ya asili ya usingizi, wanaikuta kwenye vijidudu. Hapo ndipo ilipoanza kueleweka kwamba usingizi na kinga ya mwili vinajuana kwa karibu sana. Miaka miwili baadaye Krueger na wenzake walionyesha kwamba kemikali ambayo seli zetu wenyewe za kinga huitoa zinapokutana na vijidudu, nayo huleta usingizi mzito ikiwekwa kwa sungura. Kemikali hiyo inaitwa intaliukini-1.

Sasa tuje kwenye malaria yako. Vimelea vya malaria, mbu akishakuuma, huenda kwanza kwenye ini. Huko huzaliana kimyakimya, wewe hujui lolote, unaanika dagaa zako kama kawaida. Kisha hutoka na kuvamia chembe nyekundu za damu, huzaliana humo, chembe zinapasuka, na mabaki yote humwagika damuni. Hapo ndipo ile baridi ya kutetemesha meno inapokuja. Seli za kinga zilizoko kwenye damu, kwenye ini na kwenye bandama zikigusana na mabaki hayo humwaga kemikali zinazoitwa saitokini. Intaliukini-1 ni mojawapo, na nyingine inajulikana kwa herufi TNF. Kazi yake ya kwanza ni kuita seli nyingine zije kupigana. Kazi yake ya pili ni kuupa ubongo habari.

Na habari hiyo inafikaje? Hapa ndipo palipo na neva, yaani mishipa ya fahamu. Kuna neva moja ndefu iitwayo vagasi. Inaanzia kwenye shina la ubongo, inashuka shingoni, inapita kwenye mapafu na moyo, inapenya hadi tumboni na kusambaa kwenye tumbo, ini na sehemu kubwa ya utumbo. Wengi wakiisikia wanadhani kazi yake ni kupeleka amri chini: moyo upige polepole, tumbo lisage chakula. Kweli inafanya hivyo, lakini nyuzi zake zilizo nyingi, takriban 80 katika kila 100, zinafanya kinyume. Zinabeba habari kutoka tumboni na kifuani kwenda ubongoni. Kando ya neva hiyo kuna vifundo vidogo vya seli vyenye uwezo wa kuinasa intaliukini-1 pale pale inapotolewa. Ini linapoanza kupigana, shina la ubongo hupata taarifa kabla kemikali haijawa nyingi kwenye damu ya mwili mzima. Ni kama mtu wa Nansio anayekupigia simu kuwa mzigo umepakiwa: meli bado iko njiani, wewe Mwanza umeshajua.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1997 Krueger na mwenzake walichukua panya, wakawakata neva ya vagasi chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, kisha wakawadunga intaliukini-1 tumboni. Kwa dozi ndogo, panya wenye neva nzima walilala zaidi, lakini waliokatwa neva hawakuongeza usingizi. Dozi ilipopandishwa, hata waliokatwa walilala zaidi, ingawa si kama wenzao. Kwa hiyo njia ziko mbili. Neva hupeleka habari mapema, hata vita ikiwa bado ndogo. Vita ikikua, kemikali zenyewe hufika ubongoni kupitia damu. Wewe, kwa malaria iliyokulaza chali, bila shaka njia zote mbili zilikuwa zinafanya kazi.

Habari ikishafika kwenye shina la ubongo, hupandishwa hadi kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo sana katikati ya kichwa inayotawala joto, njaa na usingizi. Ndiyo maana vitu hivi havikukujia kimoja kimoja. Joto lilipanda, njaa ikakata, usingizi ukaja, na hamu ya kuongea na watu ikaondoka, vyote kwa mkupuo. Lile la kuchoshwa na kelele za Kulwa na Doto limekutia hatia, nimeliona kwenye maandishi yako ingawa hukulisema waziwazi. Nataka ulitue. Halikuwa kukosa upendo kwa wanao. Ubongo wako ulikuwa umepewa agizo la kukutenga na kila kitu kinachotumia nguvu.

Daktari mmoja wa mifugo wa California, Benjamin Hart, aliliandika hili mwaka 1988 akieleza kuhusu wanyama. Alisema mnyama mgonjwa anayelala, asiyekula na asiyejichanganya na wenzake hajashindwa na ugonjwa. Huo ndio mpango wake wa kupona. Mimi nadhani Wasukuma wafugaji walilijua hilo zamani. Ng'ombe anayeumwa hujitenga na kundi, analala chini ya mti, majani hayagusi. Sijawahi kumsikia mfugaji akimwita ng'ombe huyo mvivu. Anamletea maji na kuangalia kesho ataamkaje.

Mpango wenyewe una hesabu. Homa ni gharama kubwa: joto la mwili likipanda kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi, mwili unatumia nguvu zaidi kwa kama asilimia 10 au kuzidi. Nguvu hiyo itoke wapi, na hamu ya kula imekata? Itoke kwenye kazi ambazo hutazifanya. Tena usingizi wa mgonjwa si sawa na wa siku zote. Ule usingizi mzito usio na ndoto huongezeka, na ule wa ndoto nyingi hupungua. Sababu moja ni hii: tukiwa kwenye usingizi wa ndoto misuli hulegea na mwili hauwezi kutetemeka, na bila kutetemeka ni vigumu kupandisha joto. Mwili unaotaka homa hauwezi kuruhusu ndoto nyingi.

Na usingizi huo unailipa kinga. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani waliwachanja vijana wenye afya chanjo ya homa ya ini A. Nusu yao wakaachwa walale usiku uliofuata, nusu wakakesha. Ulikuwa usiku mmoja tu. Wiki nne baadaye, waliolala walikuwa na kingamwili karibu mara mbili ya waliokesha. Nikisoma matokeo kama hayo nawafikiria wanawake wote wa mwaloni wanaotolewa kitandani wakiwa na homa ili wakageuze dagaa, na roho inaniuma, maana tunawanyang'anya dawa ambayo hainunuliwi popote.

Sasa tugeukie wiki ya tatu.

Vita ikiisha, kemikali zile hupungua na ubongo huacha kupokea agizo. Kuchoka siku kadhaa baada ya malaria ni kawaida, wengine hufika wiki moja na zaidi. Lakini mwelekeo unatakiwa uwe wa kupanda, leo nafuu kuliko jana. Wewe hujaniambia hivyo. Umeniambia hali ni ile ile, na umeniambia kuhusu moyo na kilima. Kwangu mimi neno hilo la kilima ni zito kuliko yote uliyoandika, ingawa wewe umelipitia haraka.

Kumbuka nilichosema, malaria inapasua chembe nyekundu za damu. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Zikipungua sana, moyo unalazimika kupiga haraka ili hicho kidogo kilichobaki kizunguke, na mtu anachoka, anasinzia, anakatika pumzi kwenye mwinuko. Huo ni upungufu wa damu, unapimwa kwa tone moja la damu hata kwenye zahanati nyingi. Omba upimwe wingi wa damu kabla ya kitu kingine chochote.

Omba pia wakupime malaria upya, ila hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinaweza kuendelea kuonyesha kwamba una malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona, kwa sababu kinanasa protini ya vimelea inayobaki kwenye damu hata vimelea vyenyewe vikishakufa. Ukipimwa hicho tu unaweza kupewa dawa usizozihitaji, huku tatizo lenyewe likibaki. Omba waangalie damu kwa darubini. Kama zahanati haina, kituo cha afya kitakuwa nayo.

La tatu, omba upimwe choo. Wewe unaosha dagaa ukiwa umesimama majini, na maji ya kando ya ziwa letu yana konokono wanaobeba kichocho. Kichocho cha tumbo kinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kelele, kikinyonya nguvu na damu taratibu, na kuiweka kinga katika mapigano yasiyokwisha. Uchovu wake watu huuzoea hadi wanadhani ndivyo walivyozaliwa. Dawa yake ipo, prazikwanteli, na inamezwa kwa siku moja.

La nne ni mimba. Usicheke, wala usione aibu. Wewe ni mama kijana, mume yuko nyumbani kila mbalamwezi, na usingizi wa mchana ni dalili ya mapema kabisa. Pima. Na kama una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, unatokwa jasho usiku au nguo zinakulegea, liseme bila kuficha, wapime na kifua kikuu. Na kama kando ya uchovu kuna huzuni inayokufanya uone maisha hayana maana, hilo nalo ni ugonjwa unaotibika, mwambie mhudumu.

Kuhusu malale, jirani yako hajazua kutoka hewani. Ziwa hili lina kumbukumbu chungu ya ugonjwa huo. Kati ya 1900 na 1920 ulipita kwenye mwambao na visiwa vya upande wa Uganda ukaua watu zaidi ya laki mbili, na vijiji vizima vikahamishwa. Lakini malale huletwa na mbung'o, si mbu, na mbung'o wa Tanzania wenye malale wako porini, kwenye mapori na hifadhi. Usingizi wake pia una sura yake: vimelea vinapoingia kwenye ubongo vinavuruga saa ya mwili, mtu analala mchana na kukesha usiku, anakuwa kama amebadilika tabia, na mara nyingi kabla ya hapo alikuwa na homa za kuja na kuondoka. Wewe kukesha kwako kumeanza na vile vinywaji. Kama hujatembea kwenye mapori yenye mbung'o miezi hii, sina wasiwasi huo. Kama umetembea, mwambie daktari, na asipuuze.

Vinywaji vya kuongeza nguvu achana navyo kabisa. Mshukuru wifi yako, ana moyo mzuri, ila mwambie hela ile anunue maini au maharage na mchicha. Kile kinywaji hakikupi nguvu. Kinaizuia tu taarifa ya uchovu isisikike, tena kinaongeza mbio kwenye moyo ambao tayari unakimbia, halafu kinakuibia usiku. Usiku ulioibiwa unaudai mchana, ndiyo unachoshuhudia. Dagaa wenyewe mlio nao uani ni chakula kizuri cha kujenga damu, msiwauze wote. Ukilala mchana, lala ndani ya chandarua.

Kuna usingizi mwingine ambao nawaomba wote wanaosoma waujue, maana unaua. Mgonjwa wa homa anayelala lakini ukimwita anaamka, anakutambua, anakunywa maji, huyo mwache apumzike. Mgonjwa asiyeamka ukimtikisa, au anaamka akiongea maneno yasiyoeleweka, au anapata degedege, shingo inakakamaa, anatapika kila anachokunywa, anahema kwa shida, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, huyo malaria inaweza kuwa imefika kichwani au ana homa ya uti wa mgongo. Hapo hamna kusubiri kuche. Kama ni pikipiki, kama ni boti, anapelekwa hospitali usiku huo huo. Kwa mtoto mdogo na mjamzito, msisubiri hata dalili zifike hapo. Na mtu aliyemaliza dawa mseto na homa ikaendelea au ikarudi, arudi kituoni, asirudie dawa kwa kununua dukani.

Naomba simu hii umpe mama mkwe, au umsomee sehemu inayofuata.

Mama, shikamoo. Najua wewe ulichuma pamba ukiwa na homa. Sina shaka hata kidogo, nimewajua wanawake wa kizazi chako. Mlifanya hivyo kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwashikia jembe, na wengi wenu mlibaki na miili iliyochoka mapema, na wengine hawakubaki. Mkwe wako leo ana watu. Ana wewe, ana wifi yake, na mume wake akiwa amepumzika wakati wa mbalamwezi anaweza kusaidia kugeuza dagaa bila kupungukiwa kitu. Unapomgongea mlango alfajiri, ukidhani unamsaidia kuamka, unaushindania mwili wake unaojaribu kujitengeneza. Mpe wiki hizi. Wewe ndiye unayejua mawingu ya ziwa hili kuliko wote hapo nyumbani, basi hata kukaa kivulini na kuwaita wenzako wakusanye dagaa mvua ikinukia ni kazi kubwa, itaokoa hela kuliko kumtoa mgonjwa kitandani.

Turudi kwetu, Mama Kulwa. Shangazi wa mume wako usigombane naye, ni mkubwa wenu na ana hofu kwa ajili yako. Mwambie kwa adabu kwamba utaanza na vipimo, na majibu mtayasoma pamoja. Nauli ya kwenda Sengerema na hela ya mganga iwekeni kwanza kwenye damu, choo na darubini. Giza likianza kabla hujapata nafuu, afadhali mumlipe kijana wa mwaloni kubeba na kuanika kwa siku hizo, kuliko wewe kuanguka na ndoo kilimani.

Jumatatu nenda asubuhi mapema pamoja na wifi, usiende peke yako na moyo huo. Ukifika, usiseme tu "nachoka". Mwambie mhudumu: nilitibiwa malaria kwa dawa mseto, nikamaliza dozi, hii ni wiki ya tatu, nasinzia mchana na moyo unaenda mbio nikipanda mwinuko, na kazi yangu ni ya majini. Na kama kipimo cha mimba kitakuwa na jibu, alijue kabla hajakuandikia dawa yoyote.